Uwajibikaji wa Kampuni kwa Jamii: Mwongozo Kamili, Kuanzia Karatasi ya Mishahara Hadi Kukabidhi Mradi

Ukiona kampuni imeanza uwajibikaji wake kwa kuchapisha fulana na kutafuta mpiga picha, jua imeanzia mwisho. Hundi ya kadibodi yenye urefu wa meza inapigwa picha, msaada unakabidhiwa, na Jumatatu wafanya usafi wa kampuni hiyo hiyo wanarudi kazini bila mkataba. Mwongozo huu unaanza kwanza na namna kampuni inavyopata pesa zake, halafu ndipo unafika kwenye namna inavyozitoa. Umelenga kampuni ya kati, yenye wafanyakazi kama 50 hadi 500, ambayo haina idara nzima ya kazi hii.

Ubishi wa zamani, na ulipofikia

Mwaka 1953 mchumi Howard Bowen aliandika kwamba wafanyabiashara wana wajibu kwa jamii unaozidi mahesabu yao. Mwaka 1970 Milton Friedman akajibu upande wa pili: wajibu wa biashara ni kuongeza faida. Wanaomnukuu Friedman hupenda kuacha sharti aliloliweka mwenyewe, kwamba faida hiyo itafutwe ndani ya sheria na desturi za maadili. Kwa mtendaji wa leo ubishi huo umeshapitwa na matukio. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kanuni 31 kuhusu biashara na haki za binadamu. Mwaka 2017 Ufaransa ilitunga sheria inayozilazimisha kampuni zake kubwa kuchunguza madhara yanayotokea hata kwa wazabuni wao. India, kwa sheria ya kampuni ya mwaka 2013, inazitaka kampuni zinazofikia kiwango fulani cha mapato, mtaji au faida zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa shughuli za jamii.

Kuna pia ISO 26000 ya mwaka 2010, mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Viwango, ambayo ni ramani nzuri ya mada zenyewe: uongozi wa taasisi, haki za binadamu, kazi na ajira, mazingira, uadilifu wa biashara, wateja, na ushiriki katika jamii. Usome, lakini ujue kwamba ni mwongozo tu, haukutengenezwa ili watu wapewe vyeti. Mtu akija ofisini kukuuzia "cheti cha ISO 26000", msindikize mlangoni.

Hatua ya 1: Karatasi moja, mtu mmoja

Usianze na sera ya kurasa arobaini. Andika ukurasa mmoja wenye mambo manne: kampuni inakubali kuwajibika kwa nini, nani anasimamia, ana bajeti gani, na anaripoti kwa nani. Mkurugenzi mtendaji atie saini. Anayesimamia aripoti kwake moja kwa moja, asiwekwe chini ya idara ya masoko. Akiwekwa masoko, kila swali litageuka kuwa "picha itatokaje?" Mpe angalau siku mbili kwa wiki kwa mwaka wa kwanza. Kazi hii ikibandikwa juu ya majukumu ya ofisa rasilimali watu ambaye tayari hana pumzi, itafanyika Desemba tu.

Hatua ya 2: Ramani ya madhara

Tenga wiki tatu hadi nne. Chora mnyororo mzima wa biashara kwenye karatasi kubwa: malighafi, usafirishaji, uzalishaji, mauzo, matumizi ya mteja, na taka zinazobaki. Kwenye kila kituo uliza nani anaweza kuumia, kisha toa alama 1 hadi 5 kwa mambo matatu: madhara ni mazito kiasi gani, yanagusa watu wangapi, na yanaweza kurekebishwa au hayarudi nyuma. Panga orodha kwa uzito huo kwanza. Uwezekano wa jambo kutokea uupime baadaye.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanapanga hatari kwa kuangalia jina la kampuni: gazeti litaandika nini, mteja mkubwa atasema nini. Matokeo yake, kuokoa karatasi za ofisini kunakaa namba moja kwa sababu ni rahisi na kunapendeza, huku maji machafu yanayotoka nyuma ya kiwanda yakikaa namba tisa kwa sababu majirani wa bondeni hawana msemaji.

Ramani haichorwi ukiwa umekaa. Ongea na watu 15 hadi 20, na wawemo walinzi, madereva, wafanya usafi, wanunuzi wa reja reja, na wanaoishi mkondo wa chini wa mto au upande unakoelekea moshi. Ongea nao bila mkuu wao kuwepo. Tembelea zamu ya usiku bila kutoa taarifa. Milango ya dharura inayokaa wazi saa nne asubuhi huwa na kufuli saa nane usiku, na sababu utakayopewa ni wizi.

Hatua ya 3: Ndani kwanza

Omba nyaraka nne: karatasi ya mishahara ya miezi mitatu, orodha ya kila anayefanya kazi kwenye eneo lako akiwemo aliyeletwa na wakala au mkandarasi, kumbukumbu za saa za ziada, na daftari la ajali. Kisha omba ya tano ambayo hakuna atakayekumbuka kuisafisha: kitabu cha walinzi getini.

Weka kitabu cha geti kando ya kumbukumbu za saa za ziada na uchague tarehe kumi bila mpangilio. Kama geti linaonyesha watu 60 walitoka saa mbili usiku na karatasi ya mishahara inasema wote walimaliza saa kumi na moja jioni, umeshapata kazi ya mwezi mzima. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa kali zaidi, na hiyo ndiyo utakayoifuata.

Kwenye orodha ya watu, tafuta dalili za kazi ya kulazimishwa. Je, kuna mtu ambaye pasipoti au kitambulisho chake kimeshikwa "kwa usalama"? Je, kuna aliyelipa wakala ili apate kazi, na sasa anakatwa deni hilo kwenye mshahara? Gharama za kumpata mfanyakazi ni za mwajiri. Ukikuta zimebebeshwa mfanyakazi, zirudishe, na uziweke kwenye bajeti yako kabla ya mradi wowote wa hisani.

Ajali zipimwe kwa hesabu, si kwa hisia. Njia inayotumika sana ni kuchukua idadi ya ajali zilizomfanya mtu akose kazi, kuzidisha kwa 1,000,000, na kugawa kwa jumla ya saa zilizofanywa. Watu 400 wakifanya saa 2,000 kila mmoja kwa mwaka ni saa 800,000. Wakiumia sita, kiwango ni 7.5. Marekani hutumia 200,000 badala ya milioni, kwa hiyo kabla ya kujilinganisha na kampuni nyingine uliza kwanza ilitumia namba gani. Ingiza na saa na ajali za wakandarasi. Kampuni nyingi zina takwimu safi kwa sababu kazi za hatari zote zimehamishiwa kwa mkandarasi na majeruhi wakahama nazo. Na daftari lisilo na tukio hata moja la "almanusura" kwa mwaka mzima halithibitishi usalama. Huenda watu wanaogopa kuandika.

Hatua ya 4: Wazabuni, na makosa yanayoanzia kwako

Kawaida kampuni huandika kanuni za maadili, huwatumia wazabuni wote kwa barua pepe, na kuomba saini. Kabla ya hapo chukua ankara 50 za mwaka jana na uhesabu siku kutoka ilipopokelewa hadi pesa ilipoingia kwa mzabuni. Usikubali hesabu ya idara ya fedha inayoanza siku ankara "ilipoidhinishwa". Mkataba unasema siku 30, idhini inachukua siku 45, na mzabuni mdogo analipwa siku ya 75 huku yeye analipa wafanyakazi wake kila mwisho wa mwezi. Kampuni inayofanya hivyo inaendesha mtaji wake kwa mkopo usio na riba kutoka kwa watu maskini kuliko yenyewe. Kulipa wazabuni wadogo ndani ya siku 30 kamili huenda kukawafaa watu wengi kuliko mradi wako wote wa jamii, na hakuhitaji sherehe.

Angalia pia namna unavyoagiza. Oda inayobadilishwa siku tano kabla ya kusafirishwa hugeuka kuwa usiku wa tatu mfululizo kwa fundi wa mzabuni. Hakuna kanuni ya maadili itakayozuia saa za ziada zilizosababishwa na meneja wako wa manunuzi.

Ndipo uje kwenye ukaguzi, na uujue mipaka yake. Septemba 2012 kiwanda cha nguo mjini Karachi kiliungua na kuua zaidi ya watu 250, wiki chache tu baada ya kupewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka na kuua watu 1,134. Siku moja kabla nyufa zilionekana na wafanyakazi wakatolewa, kisha asubuhi wakaamriwa kurudi. Baadhi ya viwanda vya humo vilikuwa vimeshakaguliwa kwa niaba ya wanunuzi, lakini wakaguzi hawakuwa wamepewa kazi ya kuangalia nguzo. Ukaguzi ni picha ya siku moja, na hujibu swali ulilouliza tu.

Chagua wazabuni kumi wa kuanzia kwa kuangalia hatari, hata kama pesa unazowalipa ni kidogo: ulinzi, usafi, ujenzi, uzoaji taka, malighafi za mashambani na migodini. Ukikuta kosa, toa siku 90 za kurekebisha pamoja na mpango ulioandikwa, na usivunje mkataba siku ya kwanza, maana atakayeumia ni yule yule uliyetaka kumsaidia. Mtoto akikutwa kazini, kumfukuza tu kunaweza kumsukuma kwenye kazi mbaya zaidi. Mtoe kazini mara moja, gharama za shule zilipwe na mzabuni au mgawane, familia ilindwe isipoteze kipato (mara nyingi kwa kumwajiri mtu mzima wa familia hiyo), kisha mfuatilie hadi umri halali wa kufanya kazi.

Hatua ya 5: Mlango wa malalamiko

Sanduku la maoni lenye kufuli iliyoota kutu halitoshi. Weka njia tatu angalau: namba ya simu, mtu anayejulikana kwa sura, na njia ya kulalamika bila kutaja jina. Moja kati ya hizo isipite kwa msimamizi wa kazi kabisa. Kila lalamiko lipewe namba na liandikwe kwenye rejista yenye tarehe ya kupokelewa, aina, anayelishughulikia, na lilivyokwisha. Jibu la kwanza la "tumepokea" litoke ndani ya siku 5 za kazi na jibu kamili ndani ya siku 30. Wanaoishi jirani na eneo lako wawe na haki ya kutumia mlango huo huo.

Miezi mitatu ikipita bila lalamiko hata moja, usishangilie. Waulize watu kumi kama wanaijua namba hiyo. Kisha angalia kilichowapata waliolalamika mwaka uliopita: nani alihamishwa zamu, mkataba wa nani haukuongezwa. Adhabu ya kimya kimya kwa mtu mmoja huua mfumo mzima.

Hatua ya 6: Mradi wa jamii

Sasa ndiyo zamu ya kutoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Kwenye kampuni, kutoa ni utaratibu. Chagua jambo moja au mawili yanayokaribiana na ujuzi wako au na madhara uliyoyakuta kwenye ramani. Kampuni ya usafirishaji ina la kusema kuhusu ajali za barabarani kuliko kuhusu tuzo za mashairi.

Kabla ya kukubali ombi lolote, pitisha maswali manne. Nani anaomba? Je, ana kibali, leseni au zabuni yetu mezani kwake? Pesa itaingia akaunti ya taasisi au ya mtu? Nani atanufaika binafsi? Msaada unaoombwa na ofisa anayesubiriwa kutia saini kibali ni rushwa iliyovaa fulana. Fedha taslimu zisitolewe, na chochote kinachogusa chama cha siasa au mgombea kikataliwe.

Tuchukue kisima, kwa kuwa ndicho zawadi inayopendwa na ndicho kinachoharibika kwa aibu zaidi. Mpangilio wake ni huu:

1. Thibitisha kwamba maji ndiyo tatizo la kwanza. Fanya vikao tofauti vya wanawake, wanaume na vijana, majibu hayafanani.
2. Pata hati ya ardhi. Kisima kilichochimbwa kwenye kiwanja cha mtu ni cha mtu huyo, hata mkisherehekea vipi.
3. Fanya upimaji wa kitaalamu wa maji chini ya ardhi kabla ya kumwita mchimbaji, na mkataba useme nani anabeba hasara shimo likitoka kavu.
4. Baada ya kuchimba, fanya jaribio la kusukuma maji ili ujue uwezo wa kisima, kisha peleka sampuli maabara. Pima vijidudu, na pima kemikali. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa floridi ni miligramu 1.5 kwa lita, na kwa aseniki, ambayo ni sumu, ni 0.01.
5. Hesabu watumiaji. Viwango vya Sphere vya misaada ya dharura huweka watu wasiozidi 500 kwa pampu ya mkono na 250 kwa bomba. Foleni ikizidi hapo, watu watarudi mtoni.
6. Unda kamati, ifungue akaunti na ipange tozo kabla pampu haijafungwa. Baada ya sherehe hakuna atakayekubali kulipia kilichokwisha kuitwa bure.
7. Fundisha mafundi wawili au watatu wa pale pale, na uhakikishe vipuri vya aina hiyo ya pampu vinauzwa mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja.

Kwenye orodha hii ya kisima, namba 4 ndiyo inayorukwa kwa haraka ya uzinduzi, nayo ina historia mbaya. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya bomba vilienezwa Bangladesh kuwaepusha watu na maradhi ya maji ya mabwawa. Vijidudu vilipungua kweli, lakini aseniki ya asili iliyokuwa ardhini haikupimwa, na ilipogunduliwa miaka ya 1990 mamilioni ya watu walikuwa wameshaizoea ladha ya maji hayo. Nia ilikuwa njema kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Namba 7 ya orodha hiyo, ikirukwa, ndiyo inayoua visima vingi vilivyobaki. Pampu husimama kwa sababu ya kipande cha mpira kinachoingia kiganjani. Kipuri chenyewe ni rahisi, ila hakipatikani, na hakuna mwenye jukumu la kukinunua.

Hatua ya 7: Pesa

Kwa kila sehemu 100 za bajeti ya mradi, mgawanyo wa kuanzia unaofaa ni huu: 10 za utafiti wa awali, 55 za ujenzi au huduma yenyewe, 10 za mafunzo, 15 za matengenezo ya miaka mitatu, na 10 za kupima matokeo. Wakurugenzi watataka 90 ziende kwenye ujenzi kwa kuwa ndio unaoonekana. Kataa. Gharama za matangazo zitoke bajeti ya masoko, na ziandikwe kwenye ripoti kando ya thamani ya msaada, ili kila msomaji ailinganishe mwenyewe.

Hatua ya 8: Kupima na kuripoti

"Tulitoa madaftari 2,000" ni habari ya matumizi. Matokeo ni kama watoto wanahudhuria shule kuliko awali, na hilo huwezi kulisema kama hukupima kabla ya kuanza. Ndiyo maana zile sehemu 10 za mwanzo hazikatwi.

Kwa mazingira, anza na unachokidhibiti. Itifaki ya Gesi Joto, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi zinazoongeza joto duniani, hugawa uchafuzi katika mafungu matatu: mafuta unayochoma mwenyewe, umeme unaonunua, na yote mengine ya mnyororo wako. Fungu la kwanza linahesabika kwa risiti. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.68 za kaboni dioksidi, kwa hiyo jenereta na magari yakinywa lita 12,000 kwa mwaka, umetoa kama tani 32. Fungu la tatu huwa ndilo kubwa zaidi kwa biashara nyingi na ndilo gumu kulipima. Andika makadirio na useme ni makadirio.

Ripoti ya mwaka wa kwanza isizidi kurasa 12. Viwango vya GRI (Global Reporting Initiative), vya kimataifa vya ripoti za aina hii, vinafaa kama orodha ya vipengele, hata usipovifuata vyote. Weka ukurasa mmoja wa mambo yaliyoshindikana: ajali zilizotokea, malalamiko yaliyopita siku 30, mzabuni aliyekataa kurekebisha. Idara ya masoko itauomba utolewe. Msomaji makini, hasa mwekezaji na chama cha wafanyakazi, huusoma huo kabla ya mengine yote, na asipouona huacha kuziamini kurasa 11 zilizobaki.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Tarehe ya kuondoka iandikwe kwenye makubaliano ya kwanza, kwa kawaida mwaka wa tatu. Mwaka wa pili kampuni ipunguze mkono: kamati iagize vipuri yenyewe, iitishe mikutano yenyewe, na kampuni ihudhurie kama msikilizaji. Siku ya kukabidhi toeni hati ya ardhi, michoro, majibu ya maabara, orodha ya vipuri na bei zake, namba za mafundi, na taarifa ya akaunti. Baada ya miezi sita rudi bila kuaga. Nenda mapema asubuhi wakati wa foleni, hesabu ndoo, sukuma pampu mwenyewe mara ishirini, kisha omba kuona daftari la tozo.